Muulize Nesi: "Mama anasema akienda Milembe ndio basi"

Mwezi huu simu ya jarida imejaa, mjukuu wangu ndo amekaa na mimi jioni mbili tunasoma meseji moja moja, na karibu nusu ni za mambo ya akili. Sijui ni ukame, sijui ni mikopo, sijui watu wamechoka tu kunyamaza. Mi nimefanya kliniki ya magonjwa ya akili miaka 27 kabla sijastaafu, sehemu kubwa hapahapa Dodoma, kwahiyo nitawajibu kama nilivyokuwa najibu pale mezani na faili mkononi. Majina nimeyatoa na mitaa mingine nimeibadilisha. Wale mliouliza kuhusu nguvu za kiume subirini toleo lijalo.

"Shikamoo nesi, mi ni dada wa miaka 29 natokea Kizota. Mdogo wangu ana miaka 22 alikuwa bodaboda, kijana mzuri tu. Toka mwezi wa nne akaanza kujifungia chumbani, simu anaizima anasema inamsikiliza, usiku halali, anaongea peke yake na kucheka, anasema majirani wanamtangaza redioni. Tulimpeleka kwa mganga Singida tukatoa laki nne na mbuzi, baadae kwenye maombi wiki tatu, huko tukakuta wamemfunga minyororo tukamrudisha. Wiki iliyopita alimrushia mama kiti ndio wajomba wakamfunga kamba jiko la nje na mpaka leo yupo hapo. Mi nataka apelekwe Milembe ila mama anasema akienda kule ndio basi, anawekwa na wauaji, na akitoka hakuna atakayempa tena pikipiki. Nifanyeje, nalia kila siku."

Marahaba mwanangu. Kabla hujamaliza kusoma hili jibu nenda hapo jiko la nje ukaangalie vidole vyake. Kama vimevimba au vimekuwa vya baridi legeza hiyo kamba sasa hivi, alafu mpe maji, maana mtu wa hali hiyo anaweza kukaa siku nzima bila kuomba hata tone. Nimeshaona mikono iliyoharibika kwa kamba ya katani, na waliofunga walikuwa watu wanaompenda huyo mgonjwa kuliko mtu yeyote duniani. Siwalaumu wajomba zako. Mtu akirusha kiti saa nane usiku na hakuna aliyekufundisha la kufanya, utafanya unachokijua. Ila kamba sio matibabu na kila siku inayopita anaumwa zaidi.

Sasa hizo dalili ulizoandika, kusikia sauti, kuamini simu inamsikiliza na majirani wanamtangaza, kutolala, kujitenga, hizo ni dalili za akili kupotezana na uhalisia. Kwa vijana wa kiume mara nyingi huanza umri huohuo, kati ya miaka 18 na 25 hivi. Inaweza kuwa mwanzo wa skizofrenia (ule ambao watu wengi wanauita kichaa), inaweza kuwa ni baipola (mtu anachangamka kupita kiasi alafu anazama kupita kiasi), inaweza kuwa bangi au kitu kingine alichokuwa anavuta kijiweni, na inaweza kuwa ugonjwa wa mwili kabisa ambao umepanda kichwani. Ndio maana pale hospitali kitu cha kwanza atatolewa damu, watapima malaria, sukari, VVU, kaswende, na watauliza kama aliwahi kuanguka na pikipiki akaumia kichwa. Watu wakiona tunatoa damu wanashangaa, "huyu anaumwa akili mbona mnampima malaria". Nilishawahi kumpokea kijana ambaye familia ilikuwa imeshauza shamba kwa ajili ya waganga, kumbe ni kaswende iliyofika kwenye ubongo, na hiyo inatibiwa kwa penisilini.

Tuje kwa mama. Mwambie mambo mawili anayachanganya. Mirembe (sawa, Milembe, sote tunaita hivyo) ni hospitali, na Isanga ni sehemu ya wale wagonjwa waliofika kwa mkono wa sheria, waliofanya kosa wakati akili haipo sawa. Isanga ina utaratibu wake na ulinzi wake. Mwanae hana kesi, hapelekwi huko. Atafika mapokezi kama mtu anavyofika hospitali yoyote, na akilazwa ni mpaka atulie, kwa wengi ni suala la wiki. Hospitali ile ipo toka miaka ya 1920 enzi za Mwingereza, na kwa muda wote huo sisi watu wa Dodoma tumeigeuza kuwa tusi, mtoto akichelewa kujibu swali darasani wenzie wanamwambia "we wa Milembe". Lakini nenda siku ya kliniki asubuhi ukae kwenye benchi uangalie nani anaingia. Walimu wapo, madereva wa daladala wapo, mama wa maandazi yupo, wengine wanachukua dawa zao saa mbili na saa tatu wako kazini na jirani zao hawajui. Huyo mama wa maandazi inawezekana ndo anayewauzia nyie.

Namna ya kumpeleka, na hapa nisikilize vizuri. Usimdanganye eti mnaenda harusini au mnaenda kuangalia pikipiki mpya, akigundua hatakuamini tena na dawa utampa vipi. Mwambie ukweli mfupi: hulali, umechoka, tunaenda kwa daktari akusaidie ulale. Hilo la usingizi wengi wanalikubali hata kama hawakubali kuwa wanaumwa. Kuhusu redio na majirani usibishane nae na usikubaliane nae pia, sema tu "mi sisikii, ila naona inakutesa". Tafuta mtu anayemheshimu, na mara nyingi sio mjomba, ni mwenyekiti wa kijiwe chao cha bodaboda au yule fundi aliyemfundisha kazi. Nendeni asubuhi, watu wanne wanatosha, msije mtaa mzima kama mnamsindikiza mwizi. Na akiwa ameshika silaha msijifanye mashujaa, piteni kwa mtendaji wa mtaa na polisi, ila polisi muwaeleze toka mwanzo kwamba huyu ni mgonjwa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inajua kuwa kuna mtu atakataa kwasababu hiyohiyo akili ndio inayoumwa, kwahiyo ndugu anaweza kuomba mgonjwa apokelewe hata kama mwenyewe hajakubali.

Nyie mko mjini, Mirembe hamna haja ya kuvuka mto. Ila wanaosoma hili mkiwa Kondoa au Manyoni jueni kwamba sio lazima muanzie Dodoma mjini, hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kumuona, kumpa sindano ya kumtuliza na kuandika rufaa kama inabidi. Kuhusu hela, ukishafika ulizia dirisha la ustawi wa jamii. Wagonjwa wa akili wapo kwenye makundi ambayo sera inawasamehe gharama kwenye vituo vya serikali, lakini msamaha huu haukufuati nyumbani, lazima uuombe, na barua ya mtendaji inarahisisha.

Alafu sasa kuna sehemu ambayo hakuna anayeuliza na ndiyo inayoharibu kila kitu, ni pale anaporudi. Wiki sita ametulia, amenenepa, anacheka kicheko cha kawaida, mama anasema Mungu mkubwa amepona, dawa zinawekwa juu ya kabati. Mwezi wa pili au wa tatu tunaonana tena, na safari hii anakuja akiwa vibaya zaidi. Mi ningepewa shilingi mia kwa kila mgonjwa niliyempokea mara ya tatu kwasababu dawa ziliachwa ningekuwa na nyumba Njedengwa. Dawa za huu ugonjwa ni kama za presha, unameza ukiwa mzima ili ubaki mzima. Anayesahau au anayeitema kuna sindano ya mwezi, anachoma mara moja na anaendelea na maisha. Na msidharau akisema dawa zinamsumbua, zinaweza kukaza shingo, kutetemesha mikono, kuleta udenda, na ile ya Largactil inafanya ngozi iungue na jua, na jua la Dodoma mnalijua. Hayo yote yana dawa au dozi inabadilishwa, anachotakiwa ni kurudi kusema. Kuacha tu ndo kosa.

Na nyumba yenyewe. Kule London toka mwishoni mwa miaka ya 1950 walifuatilia wagonjwa waliotoka wodini wakakuta wale wanaorudi kwenye nyumba za lawama na kelele wanarudi hospitali haraka kuliko wengine. Mi sikuhitaji London kuniambia hilo, ila nafurahi kwamba wameliandika. Msimwambie kila asubuhi "ulimrushia mama kiti". Mpeni kazi ndogo, achote maji, afagie, alishe kuku. Pikipiki baadae. Bangi hapana, na hapo sina mjadala, kwa mtu ambaye kichwa chake kimeshaonyesha njia hiyo bangi ni kumwagia petroli.

Mama akitaka kuombewa aombewe, sijawahi kuona dawa iliyogombana na sala. Mchungaji au shehe anayesema "acha dawa kwanza ndio nikuombee" huyo mkimbieni. Mganga anayefunga watu minyororo pia mkimbieni, na mbuzi mmdai.

"Nesi mambo. Mchumba angu mama yake mzazi aliwahi kuumwa akili akalazwa, zamani sana yeye akiwa mdogo. Sasa bro wangu kaleta habari nyumbani na wazee wanasema ukoo una kichaa nisioe. Tumeshatoa barua. Ni kweli inarithiwa?"

Poa. Inarithiwa kiasi, kama presha na kisukari vinavyorithiwa kiasi, na wazee wako hawaendi kupima sukari ya wakwe kabla ya posa. Kwenye skizofrenia, ambayo ndiyo watu wengi wakisema kichaa wanamaanisha, mtu wa kawaida anakadiriwa kuwa na hatari ya 1 hivi kwenye 100 kuipata maishani mwake, na mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaumwa ni kama 10 kwenye 100. Maana yake 90 hawaipati. Na wewe hata hujui mama mkwe alikuwa anaumwa nini, inawezekana ilikuwa ni baada ya kujifungua, au malaria, au aliondokewa na mtu. Muulize mchumba wako kwa adabu, mkiwa wawili, sio mbele ya bro. Mengine ni ya barua na mahari na huko mi simo.

"Habari mama. Nina miaka 23, nimejifungua mtoto wa kwanza ana miezi mitatu sasa. Toka nijifungue nalia bila sababu, mtoto akilia nachukia natamani nimuache hapo niondoke, alafu nikishawaza hivyo najiona mimi ni shetani. Silali hata akilala yeye. Mama mkwe anasema ni uvivu na kudeka, wao walijifungua na kesho yake wakaenda kulima. Mume wangu yuko mgodini Geita. Naogopa kumwambia mtu watasema simpendi mtoto."

Mwanangu pole sana, na hongera ya mtoto, maana naona kwenye hii meseji hakuna aliyekupa hongera. Shetani hawezi kuandika barua ya kuomba msaada kwa ajili ya mtoto.

Siku za mwanzo karibu kila mzazi analia, maziwa yanauma, homoni zinashuka, usingizi hakuna, ile huwa inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikipita wiki mbili na bado, na wewe una miezi mitatu, hiyo tunaita sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, una jina, una matibabu na ni wa kawaida kuliko watu wanavyojua kwasababu kila anayeupata anafikiri ni yeye peke yake mwenye roho mbaya. Kile ulichoandika, kwamba hulali hata mtoto akilala, ndo kinachoniambia sio uvivu. Mvivu analala.

Una bahati moja, kila mwezi una sababu ya kwenda kliniki na hakuna atakayekuuliza unaenda wapi. Siku ya kupima mtoto uzito usiondoke foleni ikiisha, mfuate nesi pembeni umwambie maneno haya haya uliyoniandikia, kama unaona aibu mpe simu asome. Akikujibu hovyo, na wapo wanaojibu hovyo, mi mwenyewe kuna kituo nilifanya kazi miaka ya mwanzo ambapo mzazi akilia tulikuwa tunamwambia "ulipokuwa unaitafuta mimba ulilia?" na mpaka leo nikikumbuka naona haya, basi muulizie mganga mfawidhi au mtu wa afya ya akili. Matibabu mengine ni kuongea tu, kwa wiki kadhaa, na ikihitajika dawa zipo ambazo mama anatumia huku ananyonyesha, ila zinaanza kufanya kazi polepole, wiki mbili mpaka nne, usikate tamaa siku ya tano.

Leo hii mpigie mume wako. Mwambie hujisikii vizuri toka ujifungue na unahitaji mtu wa kukushikia mtoto usiku mbili kwa wiki ulale, dada yako au mdogo wako au hata huyo mama mkwe mwenyewe, kwakuwa ana nguvu za kulima kesho yake. (Nisamehe, imenitoka. Mama mkwe ukisoma hili, ulikuwa na bibi na mashangazi na nyumba imejaa. Huyu yuko peke yake na wewe.)

Ila ukianza kusikia sauti, au ukapata wazo kwamba mtoto sio wako au ana kitu kibaya ndani yake, au wazo la kumdhuru au kujidhuru linakaa halitoki, hapo usisubiri siku ya kliniki, hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku, na mtoto umpe mtu mwingine ambebe.

"Nesi me ni mwanaume 34, fundi wa aluminiam. Nilikopa kwenye app tatu za simu kulipia frem na mashine, kazi zikakata, sahivi wanatuma meseji kwa kila mtu kwenye simu yangu, mpaka shemeji, mpaka mteja, kuwa mi ni tapeli. Mke ana kausha damu mbili (ile mikopo ya riba kubwa) ambazo sikuzijua. Sili, kichwa kinauma kila siku nimepima malaria hamna. Kuna usiku nawaza bora nisiwepo tu deni life na mimi. Sijamwambia mtu, mwanaume ataanzaje. Na nimesikia ukisema hivyo ni kesi polisi."

Kaka yangu, umeshaanza, meseji yako ndio mwanzo wenyewe. Nimeisoma mara tatu.

Tuanze na hilo la polisi. Kwenye sheria zetu za Tanzania kujaribu kujiua bado kumeandikwa kama kosa. Majirani zetu Kenya mahakama yao kuu mwezi wa kwanza 2025 ilisema kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao, kwetu bado. Lakini kuwa na mawazo hayo, na kumwambia daktari, au nesi, au mkeo, sio kosa lolote. Mi miaka 27 nimeambiwa na mamia ya watu, na kila mara nilichofanya ni kuvuta kiti. Nakuuliza kama ningekuuliza mezani: ni wazo linalokuja na kupita, au umeshaanza kupanga utafanyaje? Kama umeshapanga usilale peke yako leo, mwamshe mkeo umwambie "sipo sawa nipeleke hospitali", dharura ya hospitali ya mkoa inapokea hilo kama inavyopokea mtu aliyevunjika mguu. Na kama ndani kwenu kuna dawa za shambani au chochote ambacho mawazo yako yamekigusa, mpe jirani akutunzie. Kuna saa mbaya huwa inakuja alafu inapita, cha muhimu ikikukuta usiwe na hivyo vitu mkononi. Usiku ukiona huna wa kumuuliza pa kwenda, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Hicho kichwa kinachouma na kutokula na malaria hamna, kwa wanaume sonona inakuja hivyo. Mwanamke atalia, mwanaume ataumwa mgongo, kichwa, tumbo, atakuwa mkali, ataongeza bia. Nenda kaonwe, sema yote, sio kichwa tu. Ukisema kichwa tu utapewa panado.

Sasa deni. Mi sio mtu wa benki lakini kuna kitu cha akili ndani yake. Zimbabwe kule Harare toka 2006 kuna mabibi wa kawaida tu waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu, huyo daktari aliyeanzisha anaitwa Dixon Chibanda, na mpango wenyewe umefika mpaka Zanzibar. Washona, watu wa hukohuko Zimbabwe, wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, ni hichihichi sisi tunaita mawazo. Bibi anakusikiliza mpaka unamaliza, alafu anakwambia kati ya hayo yote chagua tatizo moja tu tulishughulikie wiki hii. Walilipima, na majibu yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha linasaidia kweli. Kwahiyo wewe na mkeo, ambaye nae amebeba kausha damu zake mbili gizani kama wewe ulivyobeba zako tatu, kaeni chini na daftari moja, andikeni nani anadai, kiasi gani, lini, alafu chagueni moja. Angalieni kama hizo app zina leseni, maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazoendeshwa bila leseni. Kutumia namba za watu kwenye simu yako kukudhalilisha sio njia halali ya kudai deni, yahifadhi hayo mameseji na uyapeleke kulalamika. Watumie ujumbe mmoja wateja wako na shemeji, mfupi: "Mtapata meseji kuhusu mimi, nina deni nalishughulikia, samahanini". Ukishasema mwenyewe wao wanabaki hawana cha kukutishia nacho.

Niandikie tena wiki ijayo. Sio lazima iwe ya kuchapishwa.

"Nesi mwanangu wa kike wa miaka 9 ana kifafa, tuko kijijini Mpwapwa. Mwalimu kasema asije shule ataambukiza wenzie akitoa povu. Dawa zinaisha zahanati tunakaa hata wiki tatu bila."

Povu la kifafa ni mate tu, haliambukizi mtu, mwambie mwalimu nimesema, na akikataa chukua barua ya kliniki umpelekee mkuu wa shule na afisa elimu kata. Akianguka darasani wamlaze ubavu, waondoe madawati karibu, wasimtie kijiko wala kidole mdomoni, wasimshike kwa nguvu, wahesabu dakika. Ikizidi tano ni hospitali. Kule Mahenge, Ulanga, kuna daktari mmoja mama Mnorwei, Louise Jilek-Aall, alikuta watu wa kifafa toka mwishoni mwa miaka ya 1950 wanatengwa kwa sababu hiyohiyo ya povu, wengi wameungua moto kwasababu hakuna aliyethubutu kuwagusa wakianguka jikoni, akaanzisha kliniki yao. Ni zaidi ya miaka 60 na bado naandika jambo lilelile.

Kuhusu dawa, usikae wiki tatu. Fenobabitoni ukiikata ghafla kifafa kinarudi kwa hasira, anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka katikati. Muombe nesi akuandikie ya miezi miwili badala ya mmoja, na ikibaki ya wiki mbili ndo muda wa kwenda kuulizia, usisubiri kopo liishe. Ikikosekana kabisa zahanati ulizia wilayani au duka la dawa, ni ya bei ndogo. Na moto: yeye asipike, akae mbali na figa, mpaka amalize muda mrefu bila kuanguka. Shule aende.

"Nesi unanikumbuka? Mi ni yule wa Chang'ombe niliyekuandikia mwaka jana, dada yangu alikuwa anataka kunipeleka kwa mganga Kigwe. Nilienda kliniki. Sasa nina miezi saba natumia dawa, sauti zimeisha, nimerudi kufanya kazi ya kupaki zabibu msimu huu. Nina maswali mawili, je naweza kuendesha pikipiki huku natumia dawa, na je mke wangu ni sahihi kunisagia kidonge kwenye mboga? Niligundua juzi kwenye mlenda."

Nakukumbuka, uliandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho kama unapiga kelele. Leo umeandika za kawaida, nimefurahi mpaka nimemuita mjukuu aone.

Pikipiki, inategemea kama dawa inakupa usingizi. Kama unameza usiku na asubuhi uko macho, mikono haitetemeki, muulize daktari wako kliniki ijayo akuangalie, wengi wanaruhusiwa. Dozi ikibadilishwa subiri wiki mbili uone mwili unasemaje. Na helmeti.

Kidonge kwenye mlenda hapana. Namuelewa mkeo, alishakuona ukiwa vibaya na anaogopa, ila ukigundua unaanza kuogopa chakula cha nyumbani kwako, na wewe mwaka jana uliniandikia kwamba unawekewa sumu. Sasa si ndio tunarudi kulekule? Kaa nae mwambie akupe mkononi, na maji, umeze akiona, alafu mlenda mle wote sahani moja.